Plagi Niliyoichoma kwa Jiko

Kwako Mama Mwende, mke wangu, huko nyumbani Mwingi.

Mama Mwende, uko namna gani? Mgongo umekuachilia, ama bado unaamka ukishika ukuta? Mvua imefika huko, ama mnaangalia mawingu ikipita tu kwenda kwa wengine? Yule mbuzi wa kichwa cheusi alizaa? Mimi niko mzima. Mguu wa kushoto unasumbua asubuhi, lakini mkono wangu ni ule ule. Hakuna kijana hapa Ndabibi anaweza kunishinda kuinua mtungi wa maziwa ukiwa umejaa. Waulize.

Usishangae karatasi ni ya unga. Nilikuwa nimefungia viazi zangu za njiani. Niko kando ya barabara, nimekaa kwa jiwe. Simu ninayo, lakini wewe ukipigiwa unaweka spika, sauti ya juu, kwa sababu ya masikio, na haya maneno sitaki yafike kwa jirani.

Pikipiki imezima. Imezima katikati ya mlima, na nyuma imefungwa mitungi ya maziwa ya watu, na jua linapanda. Ikipoa itawaka, tabia yake naijua. Nikipanda kidogo ipate joto, itazima tena. Wiki hii yote imenifanyia hivyo. Sasa nangoja ipoe, ndio nakuandikia.

Wacha nikueleze kwa nini naogopa, na mimi unajua siogopi kitu. Juzi maziwa ilifika Naivasha imeganda. Madam wa kituo cha maziwa akafungua mtungi, akanusa, akafunga. Akaniambia, "Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini ikifika hapa tena hivi, siipokei, na hiyo njia nampa Denno." Denno ni kijana wa boda wa hapa, pikipiki yake iko na redio na taa za rangi kama harusi. Nikamwambia madam mimi nilibeba maziwa kabla mama yake hajaachishwa kunyonya. Hakucheka.

Na wewe unajua hii njia ni nini kwangu. Kwa mashamba ya maua nilijaribu. Askari wa geti akaniangalia akaniuliza, "Mzee, umekuja kuona mtoto wako?" Nikikosa maziwa, huku sina kingine. Na siku natoka nyumbani nilisimama mbele ya ndugu zako wote nikasema nitarudi siku nitakayotaka mimi, na nikirudi nitarudi na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Walicheka. Kaka yako mkubwa alicheka mpaka akamwaga uji.

Nimetafuta huu ugonjwa kila mahali. Nimemwaga petroli nikaweka nyingine. Nimeosha kabureta. Nimepuliza bomba la mafuta mpaka nikameza. Kitu sishuku ni plagi, ile ya kutoa moto kwa injini, kwa sababu plagi niliitengeneza mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita ilikuwa imejaa masizi. Nikaenda kwa duka la spea, msichana wa pale akaniambia, "Mzee, si ununue mpya? Yako ni namba gani?" Namba ni ya watu wa shule. Mimi plagi naipima na kidole gumba. Shingo, pale penye nyuzi, iwe sawa na ya zamani. Ikizidi inagonga pistoni, ikipungua injini inakohoa masizi. Hiyo niliijua nikiwa fundi kule Rhonda, na huyo msichana hajazaliwa. Nikamwambia plagi haitupwi kama nyanya imeoza, plagi inachomwa.

Nikaenda nikawasha jiko, nikaiweka katikati ya makaa mpaka ikawa nyekundu. Masizi yote ikaungua. Lakini nilikuwa nimechelewa, watu wananingoja na maziwa, nikaitumbukiza kwa kikombe cha maji ipoe haraka. Ikalia chwaaa. Nikaipiga msasa, nikaifunga, pikipiki ikawaka kiki ya kwanza. Nikajisifu njia nzima.

Hata mzee Kiptoo, mwenye ng'ombe wa mwisho kwa njia yangu, leo asubuhi amedhani ni plagi, akanipa ya pampu yake ya maji. Nikaipima na kidole: shingo ndefu. Nikamrudishia. Mwingine angeifunga aue injini. Mimi hapana.

Ngoja nijaribu kuwasha.

Nimerudi. Imekataa. Nimefungua plagi nikaiinua kwa jua. Mama Mwende, iko na ufa. Pale kwa sehemu nyeupe, ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa baridi ufa umejifunga, moto wa plagi unapita. Ikipata joto ufa unafunguka, moto unapotelea hapo. Ni yale maji ya kikombe. Sikuambii kitu kingine juu ya hayo maji.

Nimefungua mtungi wa Mama Wambui nikanusa. Huyu ni mjane, ana ng'ombe mmoja, na asubuhi hunipa maziwa akisema, "Mzee, Mungu akutangulie." Bado haijaganda, lakini haina muda.

Subiri, kuna mtu anakuja.

Sasa nimebaki peke yangu, na mitungi haiko. Alikuwa ni Denno. Alisimama, akazima redio.

"Sasa mzee! Leo pia?"

"Inapumzika," nikamwambia.

"Inapumzika ama imestaafu?"

"Pita, wewe. Abiria wako wanakungoja."

Hakupita. Aliangalia mitungi, akaangalia jua, na kicheko chake kikaisha. Nikamuuliza kama ana plagi. Akasema ya akiba iliisha, labda ashuke Naivasha anunue arudi. Nikahesabu kichwani. Aende, arudi, nifunge, halafu nishuke mimi. Hiyo maziwa itakuwa imeganda, mala kabisa. Na nikimpa aipeleke yeye, madam ataona kwa macho yake kwamba Denno anafika.

Mama Mwende, nilisimama pale kama mtu amekatazwa kuingia kwake. Denno angesema hata neno moja ningemfukuza.

Nikafungua kamba. Nikambebea mitungi mimi mwenyewe mpaka kwa pikipiki yake, nikamfungia, kwa sababu hawa vijana hawajui kufunga. Nikampa pesa na ile plagi ya ufa nikamwambia, "Ukifika dukani pima shingo na hii, usiletewe ya uongo." Akaigeuza akasoma namba. Akasema, "Sawa, mzee wangu," akaenda polepole, si kama kawaida yake.

Sasa jua limeshuka na namalizia nikiwa kwangu. Denno alirudi. Akanipa plagi, akateremsha mitungi ikiwa imeoshwa. Nikamuuliza, "Imepokelewa?"

"Imepokelewa yote."

"Na madam?"

Akaangalia viatu. "Amesema kesho nipite mimi. Mzee, sikumwomba. Haki ya mama yangu sikumwomba."

Namwamini. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba sina mtu wa kugombana naye.

Plagi nilipima: shingo sawa. Nikaizungusha na vidole kwanza mpaka ikakaa, halafu spana kidogo tu, maana ukikaza kwa hasira unakula nyuzi za injini. Ikawaka kiki ya kwanza. Nikaijaribu kwa mlima, ikaupanda bila kukohoa hata mara moja, nikageuza kurudi kwangu, mitungi mitupu ikigongana nyuma yangu, na watu wa barabara wakanisalimia wakidhani natoka kazini.

Kesho asubuhi Mama Wambui atatoka na maziwa yake na atakayemwona ni Denno. Mimi nitaamka niende wapi? Nimefikiria mpaka kichwa kimekuwa kizito. Tangu nikuoe sijawahi kukuuliza swali hili, leo nakuuliza: nifanye nini?

Salamu kwa Mwende binti yetu na mume wake. Msalimie mama yako mzazi, mwambie bado nimeweka ile blanketi aliyonipa. Msalimie dada yangu Kalekye wa pale sokoni. Na kaka yako mkubwa pia msalimie, ile salamu ya kawaida, usiongeze kitu.

Barua hii analeta dereva wa lori la vitunguu, mtu wa kwetu. Ukishasomewa na Mwende, usinijibu kwa karatasi. Nipigie simu. Niambie mgongo umekushinda, niambie paa inavuja, niambie chochote, lakini niite. Nikirudi mwenyewe watasema nimeshindwa. Ukiniita, nitakuwa nimeitwa na mke wangu.

Na siku hiyo ukipiga, weka ile sauti yako ya juu. Jirani wote wasikie.

Ni mimi mume wako,
Musyoka, Baba Mwende, fundi.