Bunduki ya Kusubiri Kisu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijavuruga ndoa yangu kwa ajili ya bunduki. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Mahurunga, nina leseni ya kuwinda, na msimu ukifunguliwa tunaingia porini kando ya Ruvuma kwa miguu, mimi na shemeji yangu Rajabu, kaka wa mke wangu, unga na maji begani, kwa hiyo bunduki nzito inatumaliza nguvu kabla hatujaona hata unyayo. Sasa nimepata nyepesi ya 30-06, lakini Rajabu amekataa katakata, anasema risasi yake inaua papo hapo, kisu hakiwahi, na baba mkwe hali kibudu, basi tubaki na ile ndogo ya 22, ambayo mnyama anaanguka bado anapumua, tunamchinja kwa raha zetu. Kweli wengine huinuka wakakimbia, na juzi tulimpiga nyati shingoni kwa hiyo hiyo 22, akaingia na damu yake kwenye kichaka cha nyuma ya mashamba, kile wanamochimba mizizi ya ming'oko akina mama, hata mke wangu Saida, sisi tukaogopa kumfuata, tukanyamaza maana leseni yetu haina nyati. Je, nichukue bunduki niipendayo au nimridhishe shemeji?

Sudi, Mahurunga

Sudi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Una akili zako kweli wewe? Umenieleza uzito wa bunduki, umenieleza tumbo la mkweo, halafu nyati mwenye risasi shingoni umempitisha katikati kama mbuzi wa jirani. Na mkeo anachimba mizizi humo humo! Nyati aliyejeruhiwa hakimbii mtu, anamvizia.

Huyo Rajabu dini yake kaisomea wapi? Nimemuuliza sheikh wetu hapa Mikindani, akanijibu: "Ukipiga bismillahi unapofyatua, mnyama akafa kwa risasi ile, kula." Nendeni mkamuulize na wa kwenu, muache dini ya kusikia barazani. Kumtesa mnyama kwa risasi ya njiwa ili asubiri kisu ni ukatili uliovaa kanzu.

Haya, bunduki. Chukua hiyo 30-06, inatosha swala na kuro, na mwendo wa miguu utauweza. Ila usitafute nyepesi kupita kiasi, maana teke lake lote litahamia begani mwako, utaanza kufumba macho kabla hujafyatua. Nyati huna leseni yake, mwache apite. Ile 22 iwe ya kanga na njiwa. Shemeji akinuna, mwache anune, kununa hakujaua mtu.

Na usidhani nimekaa kungoja gazeti litoke. Nilipomaliza kusoma nilimpigia simu mwenyekiti wa kijiji chenu awazuie akina mama wasikanyage kichaka kile, na awaite askari wa wanyamapori. Jina lako nimelitaja. Wakija, waonyeshe damu ilipoingilia. Wakikutoza faini, lipa huku unashukuru.

Saida ataambiwa na mwenyekiti kwamba mle mna nyati. Kwamba mumewe alijua, akamwacha aende, hilo utamwambia wewe mwenyewe, leo, kabla hajalisikia kwa watu.