Gurudumu Lililobaki Tanga

Jumatatu, 3 Juni. Sindeni
Nimejaza upepo magurudumu yote mawili. Sare za wanafunzi zimekwisha, cherehani nimeifunika. Keshokutwa naenda Kenya, Ukunda, kwa dada yangu Zaina. Alipoolewa huko nilikuwa natembea. Ajali ya bodaboda ilikuja baadaye. Hajawahi kuniona kwenye kiti mwendo. Kwenye simu tunaongea kila kitu, hilo hatuligusi. Naogopa atalia. Lakini nataka sana kuona nchi ya watu. Mpaka ukoje? Ukuta? Kamba?

Jumanne, 4 Juni. Korogwe
Nalala kwa shangazi, karibu na stendi. Tangu jioni sinywi maji. Vyoo vya njiani sina imani navyo.

Jumatano, 5 Juni. Ukunda
Kondakta alitaka kunibeba. Nilikataa. Nilipanda ngazi za basi kwa makalio, kinyumenyume. Abiria wakanikodolea macho. Shauri yao. Kiti kikachomolewa magurudumu, kikatiwa kwenye buti. Jirani yangu alikuwa mama wa Kishambaa mwenye kapu la peasi. Nimekula mbili.

Mpaka ni geti tu, na foleni. Nyasi za huku na za kule zilezile. Nikashuka, kiti kikatolewa. Gurudumu moja halipo. Tanga walishusha mizigo ya watu, nalo likashuka. Nilikaa pale kwenye saruji na hasira zangu.

Kondakta akanibeba hadi dirishani. Safari hii sikukataa. Ofisa wa Kenya akamuuliza yule mama wa peasi, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, "Huyu anaenda wapi?"

"Muulize mwenyewe, baba. Anasikia."

Nikamwambia naenda kwa dada yangu. Akaniangalia kidogo, akagonga muhuri.

Ukunda nikashushwa nikiwa mgongoni kwa kondakta, kama gunia. Ndivyo Zaina alivyoniona. Hakulia. Aligeuka akatazama barabara. Hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 6 Juni
Mkekani kutwa nzima. Zaina ananihudumia kama mgonjwa. Chapati amenikatia vipande vidogo. Mbovu ni miguu, si meno. Watoto wa jirani wanamwita bibi yao "nyanya". Nimecheka peke yangu. Wakinisikia nikitaja nyanya za mchuzi, sijui watafikiri nini.

Kondakta amepiga simu. Gurudumu limeonekana Tanga, linakuja na basi la kesho.

Ijumaa, 7 Juni
Zaina amelifuata mwenyewe barabarani. Amerudi analisukuma, kanga imejaa vumbi. Akataka kujua linaingiaje. Nikamwonyesha kitufe. Akalichomeka, akalichomoa, akalichomeka tena. Kisha akakaa kitini yeye mwenyewe. Akazunguka uani, akagonga ndoo, akakwama kwenye mchanga. Hakuomba msaada. Akahangaika mpaka jasho likamtoka, akajinasua.

"Siku ile ya ajali uliumia sana?" akauliza, bado amekaa.

Miaka yote hajauliza. Nikamsimulia tangu mwanzo, taratibu. Giza likaingia, yeye kitini, mimi mkekani.