Nguzo Tulizozihamisha Boko

Boko, Dar es Salaam

Baba Nuru, mume wangu,

Assalaam aleikum. Mie mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Mama kifua kimemwachia? Na Nuru, bado anakutemea uji? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniuliza "unakuja lini?" kabla sijafika katikati.

Kazi yangu unaijua. Tunajenga uwanja wa paneli za sola, na kila safu ya paneli inashikiliwa na nguzo za chuma zilizozamishwa ardhini. Mie ndiye ninayepanga nguzo zikae wapi na ziende chini kiasi gani. Upande wa barabarani ni mchanga, mashine inazipigilia upesi. Upande wa pili ni mwamba, huko lazima tuchoronge kila shimo na kumimina zege. Nilizipanga karibu zote mchangani, kazi iishe, nije kula Idi nanyi.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nachomeka vijiti vya alama, akaja bibi mmoja mwenyeji wa hapa, Bi Zuhura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho kijiti king'oe. Umemchoma mume wangu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akasema mumewe amezikwa pale tangu watoto wao wadogo, na shemeji yake kauza shamba bila kumwambia mnunuzi kuna kaburi. Deo, mhandisi wetu, akaja na mchoro mkononi.

"Rehema, hapa hapana hata jiwe. Tutajuaje?"

Bibi alivua khanga ya juu, akaitandika mchangani, akainyoosha taratibu kama anayemfunika mtu usingizini. "Kichwa huku," akasema, "miguu huku." Dereva wa mashine akazima injini bila kuambiwa. "Mie hapa sipigi," akasema.

Deo alinivuta pembeni. Si mtu mbaya, Baba Nuru. Alisema, "Safu hii tukiitoa, inahamia kwenye mwamba. Kuchoronga, zege, kungoja zege likomae. Na safari yako je?"

Nikamtazama bibi kaketi pembeni ya ile khanga, miguu kainyoosha, hana haraka. Nilijua nachagua nini. Nikasema, "Nitachora upya."

Mwenye mradi alifoka, kisha wazee wa mtaa walipofika na kumthibitisha bibi, akakubali. Kaburi tumelizungushia uzio mdogo. Jana tuliivuta kwa winchi nguzo ya kwanza ya kule mwambani, kuijaribu kama upepo mkali ungeing'oa. Haikutikisika. Wenzangu walishangilia. Mie nikaenda nyuma ya kontena nikalia, maana jana ndiyo ningekuwa ndani ya basi kuja kwenu.

Tangu siku ile niliyokubali kuchora upya sikai. Chakula nakila nimesimama. Jioni wenzangu wakienda kucheza bao, mie nazunguka uwanja kama niliyedondosha kitu. Juzi Bi Zuhura alinikuta hivyo, akauliza nina nini. Nikamwambia nina mtoto mbali. Akasema, "Sasa mbona wewe ndiye unayengojwa? Wao hawana miguu?"

Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeuma. Kazi ya mwambani haitaisha kabla ya Idi, na Deo kashaniuliza kama nitakwenda naye kwenye uwanja mwingine. Sijamjibu. Sitaki kumjibu peke yangu. Kwa hiyo sikuombi tena uvumilie. Njooni nyie. Chumba changu ni kidogo, tutabanana. Mtashukia Mbezi, nitakuwa hapo kabla ya basi.

Nisalimie mama, na kama kifua kinaruhusu naye aje. Msalimie shangazi yako anayetulelea Nuru ukiwa shambani, na kaka yangu fundi baiskeli, mwambie ng'ombe awatazamie yeye mkiwa huku.

Nuru akinikataa pale stendi, akalia kwa kutonijua, usimchukue. Nipe hivyo hivyo.

Mkeo,
Rehema