Sahihi ya Bolti

Mwaka umetimia, Bolti, tangu ndege uliyoitilia sahihi ianguke nawe.

Ulianza mapema. Darasa la tano ulifungua feni ya sebuleni, ukaifunga tena, zikabaki skrubu mbili. Mama yako aligoma kukaa chini yake, nasi tukakubandika jina la Bolti. Baadaye ukasomea uhandisi wa ndege, tukavimba vichwa. Mwaka wa kwanza karakanani ulifagia na kupanga spana, wala hukununa. Wa pili ukapewa muhuri wa kuidhinishia ndege, wenye namba yako. Siku hiyo ulikula umeuweka kando ya sahani, mdogo wako akakutania kwamba hatimaye umepata mchumba.

Karakanani kwenu mlikuwa na utaratibu mmoja: mhandisi aliyetia sahihi hupanda ndege hiyo kwenye safari ya majaribio. Tuliujua sote.

Jumapili ile mchana ulikuja huna raha. Ulisema umeona mstari mwembamba kwenye bawaba ya mkia; huenda ni mkwaruzo, huenda ni ufa. Ulitaka siku mbili za kuupima. Mkuu wako alitaka ndege iruke kesho yake. Mama yako alikupakulia chakula. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

"Mwanangu, kazi yenyewe hata hujaizoea. Wakubwa wanajua wanachofanya. Tia sahihi, yaishe."

"Sawa, baba," ulisema. Hukuwa mtoto wa kubishana nami.

Ripoti imesema ulikuwa ufa. Rubani uliyekuwa naye ameacha watoto watatu. Msibani watu walinishika mkono wakisema ni mipango ya Mungu, nikaitikia, maneno yangu ya Jumapili nimeyameza. Mama yako aliyasikia na hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu. Leo nayaandika hapa, kila mtu ayasome.

Mwezi uliopita mdogo wako alianza kazi kwenye karakana nyingine. Aliniuliza afanyeje wakimharakisha. Nilimwambia, "Ukiwa na shaka, weka kalamu chini urudi nyumbani. Nitakulisha."

Akaanza kulia. Maneno hayo yalikuwa haki yako, Bolti, nami nimempa yeye.

Unakumbukwa na mama yako, mdogo wako, shangazi yako mwalimu, wenzako wa karakanani, na mimi baba yako niliyekuharakisha. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.