Siku Baba Alipovuka Kwenda kwa Kioko

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Keti vizuri huko uliko, maana nina habari na sitaki uisikie kwa mtu mwingine. Vinya Boys wamerudi. Sisemi wale vijana wanaoiga nyimbo zao kwenye harusi. Nasema wenyewe, Musili wa Kitui na Kioko wako wa Makueni, kwenye albamu moja, na picha yao wamekaa benchi moja kama watu ambao hawakuwahi kutukanana redioni. Albamu wameiita Nitwasyoka, yaani tumerudi. Nilipoiona ile picha kwenye simu niliacha cherehani imeshika nguo ya mteja, nikatoka nje ya kibanda, nikakosa wa kumwambia. Uliyestahili kuambiwa wa kwanza ni wewe.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya vyama viwili, na sisi watoto tulikuwa wapiga kura tusio na kitambulisho. Bendi ilipovunjika kwa sababu wapiga gitaa wawili hawakuelewana nani asimame mbele, Kitui ikabaki na Musili, na watu wa ng'ambo ya mto Athi wakamfuata Kioko. Wewe ulikuwa umeolewa Matinyani, huku Kitui, ukitoka Makueni na sanduku moja na msimamo wako. Sanduku lilikwisha kuliwa na mchwa. Msimamo haukuguswa na mtu.

Nakumbuka ukitwanga mahindi ya muthokoi nyuma ya jiko. Redio ilikuwa dirishani, na mchi wako ulifuata gitaa. Ukipigwa wimbo wa Kioko, mahindi yalikoboka haraka hadi maganda yakaruka nje ya kinu. Ukipigwa wa Musili, uliweka mchi chini makusudi ukaanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Baba, akichambua ndengu kivulini, alilalamika kwamba siku moja tutalala njaa kwa sababu ya siasa zako za gitaa. Ulimwambia malalamiko hayo ampelekee Musili.

Halafu ile kadi ya salamu. Uliituma kituo cha redio bila kumwambia mtu, ukachagua wimbo wa Kioko, na Jumapili baada ya ibada mtangazaji akasoma kwa sauti yake nzito kwamba salamu zimwendee mume wangu mpendwa wa Matinyani, aliye hapa kando yangu akijifanya hasikii. Baba alikuwa kando yako kweli, na kweli alikuwa akijifanya hasikii. Mdogo wangu Kyalo alicheka hadi akamwaga chai. Jioni Pasta akapitia nyumbani kuuliza kwa upole kama mwimbaji wa kwaya ya akina mama anafaa kusikika kwenye muziki wa benga. Ulimkaribisha, ukamwambia vidole vya Kioko viliumbwa na Mungu yule yule, na kwamba yeye mwenyewe, Pasta, mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza. Alimaliza chai yake akaenda.

Wewe ndiye uliyetufundisha kusikiliza. Kwa wengine gitaa lilikuwa gitaa tu. Ulisema Musili huingia kwenye wimbo moja kwa moja, kama mwenye nyumba, lakini Kioko hubisha hodi kwanza. Kabla gitaa lake halijapanda, anashikilia sauti moja, anangoja kidogo, ndipo anaingia. Baba alisema huko si kubisha hodi, ni kusahau, mtu anatafuta waya. Mlibishana hivyo miaka yote ya ndoa yenu, na sijaona tena watu wanaofurahia kutokubaliana kama nyinyi wawili.

Tangu tukuzike, Mwaitu, ubishi uliisha. Kesho yake ya mazishi Baba alitoa betri kwenye redio akazitia kwenye tochi. Nilidhani ni jambo la siku chache. Akaacha kwenda Tulia siku ya soko, ndengu zake akampa jirani amuuzie. Mtu akianza habari za Vinya Boys, alikuwa anainuka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawana shida yoyote. Alikula, alilala, alienda kanisani, alijibu ukimsalimia. Lakini yule mbishi uliyeolewa naye alikuwa ametuondokea, na mimi niliogopa kwamba ugonjwa wa mmoja utatuzikisha wawili.

Sasa albamu ikatoka, na Kitui nzima ikawa bunge. Vijana walisema ngoma ni za kompyuta. Wazee walisema sauti imeoshwa mno, haina vumbi. Wengine walisema wanaume wenye wajukuu hawana haki tena ya kuimbia wasichana wa sokoni, na mama mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akajibu kwamba huyo msichana wa sokoni ni yeye na bado anasubiri. Watu wa Makueni walinuna kwa sababu wimbo wa kwanza ni wa Musili. Wa Kitui walinuna kwa sababu wa mwisho ni wa Kioko, na mwenye neno la mwisho ndiye mwenye bendi. Nilikuwa nashona huku nasoma, na nguo mbili nilizishona nje ndani.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa juu ya ule wimbo mrefu wa katikati, wimbo wa mvua iliyochelewa. Humo gitaa linapanda linakaa huko juu mpaka mwili unasisimka, na wenyewe walikataa kusema ni la nani. Walipoulizwa redioni walicheka tu, wakasema watu watajionea kwenye onyesho la Tulia. Kitui yote ikaapa kwamba ni Musili. Na Makueni kwenu, nisamehe kulisema, walinyamaza, kwa sababu ilivuma kwamba Kioko anaumwa viungo na vidole vyake havikunjiki tena.

Mimi nilikuwa na shida ya viatu. Viatu vya Baba vya kanisani vilikuwa vimefumuka, nikamwambia lazima twende Tulia pamoja kwa sababu viatu havinunuliwi bila miguu. Alinung'unika lakini alikuja. Tukaingia kwa Ngumbau, yule rafiki yake wa ujana mwenye duka, ambaye hajawahi kupunguza sauti ya spika wala ya mdomo. Baba alikuwa ameinama anajaribu kiatu cha kushoto wimbo wa mvua ulipoanza. Nikataka kumwomba Ngumbau auzime. Nikaona mkono wa Baba umesimama kwenye kamba ya kiatu, nikaacha.

Gitaa lilipanda, likashuka, wimbo ukaisha, na Ngumbau akaanza kumsifu Musili kana kwamba amemzaa yeye. Baba hakuinua kichwa.

"Huyo ni Kioko," alisema.

Duka zima liligeuka. Ngumbau alimwangalia kwa huruma, jambo ambalo lilinikera kuliko matusi.

"Mzee, wewe siku hizi hata redio huwashi," akamwambia. "Hiyo ni Musili, hata mtoto anajua. Kama ni Kioko, mimi nahama naenda kuishi mjini Wote, Makueni kwenyewe."

"Rudisha nyuma kidogo. Kidogo tena. Haya, hapo. Sikia anavyobisha hodi."

Mwaitu, nilishika kaunta. Maneno yako yalikuwa yametoka kwenye mdomo wa Baba, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Wengine waliangua kicheko. Mmoja akamuuliza Baba, mtu wa Kitui kamili, alianza lini kuwa wa Makueni.

"Nilioa huko," Baba akasema, akafunga kamba ya kiatu. Tuliondoka na viatu, na betri.

Habari ilifika Matinyani kabla yetu. Kanisani walimtania, kisimani walimtania, hata Pasta aliuliza kutoka mlangoni kama ni kweli. Na Baba akaanza kuwajibu. Alibishana na jirani juu ya ua hadi ng'ombe wa watu wakaingia shambani. Alinipigia simu mchana, yeye ambaye hapendi simu, kuniuliza kama kundi la WhatsApp limepata akili. Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Nilijua wazi kwamba ikiwa gitaa lile ni la Musili, watamcheka mpaka arudi ndani afunge mlango, na safari hii hakuna viatu vitakavyomtoa.

Siku ya onyesho tulifika uwanjani Tulia jua likiwa bado kali. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori. Barua hii wataisoma pia wajukuu wako waliozaliwa juzi, kwa hiyo wacha niwaeleze wao usichohitaji kuelezwa wewe. Mashabiki wa Musili husimama upande wake wa jukwaa, wa Kioko upande wake, na katikati hubaki nafasi ambayo watoto hukimbizana. Mtu mzima havuki. Anayevuka amekiri mbele ya watu kwamba alikuwa amekosea, na gitaa likipanda mwimbaji humwita kwa jina na kwa kijiji chake, kila mtu asikie. Ni heshima na aibu kwa wakati mmoja. Enzi za bendi mbili, zikishindanishwa uwanja mmoja, hakuna aliyewahi kuvuka kutoka kwetu, na tulijisifia hilo.

Wazee wenyewe walipopandishwa kwenye lori, uwanja ulilipuka. Musili bado ana kiburi chake, kofia imekaa upande. Kioko alishikwa mkono hadi kwenye kiti. Upande wa Makueni walimshangilia kwa sauti ya watu wanaomwombea mgonjwa. Nilimtazama Baba. Alikuwa amevaa koti la kanisani, vifungo vyote vimefungwa kwenye lile joto.

Wimbo wa mvua ulipoanza, wote wawili walipiga polepole. Watu wetu wakaanza kusukumana kumsogelea Musili, simu juu. Hapo ndipo Baba alipoondoka kando yangu. Aliingia kwenye ile nafasi ya katikati peke yake, watoto wakampisha, akatembea bila haraka kuelekea upande wa Kioko. Watu wa Kitui walimpigia mbinja. Ngumbau alimwita arudi asijiaibishe uzeeni. Na mimi nusura nimkimbilie nimrudishe, kwa maana Kioko alikuwa ameketi pale na gitaa mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni amshikilie.

Baba alifika ng'ambo. Mama mmoja mnene wa Makueni alisogea akampa nafasi.

Gitaa likashikilia sauti moja. Likangoja. Musili akaondoa mkono wake kwenye nyaya, akauinua juu kabisa uwanja mzima uuone, na gitaa likapanda bila yeye.

Sijui nikuelezee vipi kelele ile. Kioko hakuinuka kwenye kiti, wala hakuhitaji. Vile vidole vilivyosemwa havikunjiki vilikuwa vinakimbia, na uso wake umetulia kabisa. Makueni walilia machozi, watu wazima. Musili alicheza kumzunguka rafiki yake, kofia mkononi, akimpepea. Mimi nilipiga vigelegele hadi sauti ikakatika, mimi niliyejifanya sina upande maisha yangu yote.

Kioko akainamia maikrofoni, vidole bado vinakwenda, akauliza jina la mzee aliyevuka. Baba alisogea hadi kwenye lori. Nilikuwa nimeshafika karibu, nikamsikia vizuri.

"Langu acha," alimwambia. "Ita Mama Mumbua wa Matinyani."

Basi Kioko akakuita. Akaliimba jina lako juu ya gitaa lake mwenyewe, Mama Mumbua wa Matinyani, binti wa Makueni, na spika zile zikalipeleka hadi vilimani. Upande wa Makueni wakalipokea kwa vigelegele bila kujua wewe ni nani. Kisha watu wa Kitui wakaanza kuvuka, mmoja, watatu, kundi zima, hadi ile nafasi ya katikati ikajaa na watoto wakakosa pa kukimbilia. Ngumbau alivuka na wa mwisho, akasema amefuata kivuli. Mjini Wote bado hajahamia. Na Baba, Mwaitu, alicheza. Alicheza kwa mabega, kama watu wa zamani, koti limefunguka vifungo vyote, na mama yule mnene akamwambia pole pole mzee, akamjibu kwamba pole pole ni ya Musili.

Sasa anaenda soko tena. Anauza ndengu zake mwenyewe na anagombana na kila mtu kuhusu wimbo upi unaoufuata ule wa mvua kwa ubora, na redio iko dirishani. Nyumba ina kelele. Bado tunakukosa, hilo halijapungua hata kidogo, lakini tunakukosa tukiwa hai.

Jioni ile baada ya onyesho tulirudi tukaketi nje. Baba alivua viatu vyake vipya, akavikung'uta vumbi. Kisha akasema bila kunitazama:

"Wewe unajua kuandika. Mwandikie mama yako, mwambie alishinda. Na mwambie nilijua tangu zamani. Nilikuwa nakataa tu ili tuendelee kubishana."

Nimekuambia kama nilivyoagizwa. Pumzika vyema, mshindi wetu.

Ni mimi,
kifungua mimba wako, Mumbua