Nyumba Yako Imeingia Kwenye Ramani

Mdogo wangu Selemani,

Sijui nikuandikie wapi. Waliorudi kutoka vitani Bama kila mmoja ana lake: huyu anasema alikuona mkishuka melini, yule anasema mlitenganishwa porini na hakukuona tena. Serikali haijaleta karatasi ya kifo wala ya uhai. Basi barua hii naiacha wazi, aisome yeyote aliyekuwa askari pamoja nawe, na anayejua ulipo akufikishie. Mama ni mzima. Hasemi nami, lakini ni mzima.

Kisarawe ukiiona leo utapotea, wewe uliyejisifu kwamba unaijua hata ukifungwa kitambaa machoni. Wazungu wa Dar es Salaam wamezidi kupanda huku kupunga upepo. Pale tulipokuwa tukichimba mihogo ya mama pana uwanja wa tenisi, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa arobaini. Hoteli ya juu imeongeza vyumba mpaka karibu na chemchemi, ile ile tuliyokuwa tukichota maji ya wageni, wewe ukinawa miguu ndani ya ndoo kisha unaniapia kwamba maji ni safi. Waliyanywa, na hakuna aliyekufa.

Unakumbuka bwana mpima ardhi alipokuja mara ya kwanza, kabla ya vita? Mimi nilishika kichwa cha mnyororo wake wa kupimia, wewe mkia. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta mpaka ukaze, bwana aandike, tusogee mbele. Lakini wewe akipita msichana na mtungi, mnyororo umekwisha kuusahau, unalegea, bwana anafoka, "Vuta, Selemani, vuta!" Jioni ulikuwa ukimwigiza mpaka mama anatoka machozi kwa kucheka. Kazi ile ilipokwisha ndipo ulipokata miti ukajenga nyumba yako pale kwenye mteremko, ukasema mke unayemtaka kutoka Dutumi hataletwa kwenye nyumba ya shemeji.

Siku ya kuondoka ulizima moto wa jikoni kwako kwa maji, ukafunga mlango, ukamkabidhi mama ufunguo. "Mama," ukasema, "moto huu nitauwasha mwenyewe." Nawe unajua kwetu ilivyo. Nyumba ya msafiri hakuna apikaye ndani yake mpaka mwenyewe arudi awashe kwa mkono wake. Mwingine akiwasha, ndiyo keshakurithi, keshakusomea hitima. Tukaishika mila hiyo. Kila kiangazi nilipanda kuziba paa, mama akafagia uwanja, lakini jivu lako hakuna aliyeligusa. Watu wakija kutaka kupanga, mama anawatimua kwa ufagio.

Sasa bwana mpima amerudi, yule yule, mvi zimemjaa. Analaza ramani ya zamani mezani na mpya kando yake, anataka ionekane mji huu wa kupumzikia umebadilika vipi: shamba lipi limekuwa bustani, njia ipi imekuwa barabara ya gari. Mimi siku hizi ndiye msimamizi wa wavuta mnyororo, nina kofia ya kazi. Na kanuni yake naijua, vijana nimewafundisha kwa mdomo wangu mwenyewe: nyumba wanamopika watu inaandikwa, isiyo na moto ni gofu, haiandikwi.

Tulipofika kwako akauliza bila kuinua macho, "Hapa kuna moto?"

"Hakuna, bwana," nikasema.

Ndugu yangu, nilijibu upesi kama mtu aliyeulizwa saa. Kweli moto haukuwapo, tena haukuwapo kwa sababu tunakungoja. Nilishindwa nini kusema kwamba mwenyewe alikwenda vitani? Niliona aibu. Vijana walikuwa wananitazama, nikaogopa bwana asije akaniambia mbele yao kwamba vita viliisha zamani. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine, na haya inanishika hata kuiandika. Kwenye ramani akachora kichaka mahali pa nyumba yako.

Mchana, tunakula, akataja kwamba sehemu zilizo tupu hoteli imeziomba, itajenga vibanda vya wageni. Nikaweka tonge chini. Nikasimama nikamweleza yote, kofia nimeivua, vijana wasikie wapendavyo. Si mtu mbaya. Akasema, "Hii bado ni penseli. Nitapita tena kabla ya kutia wino. Nikikuta moto, ni nyumba. Nisipokuta, siwezi kuandika uongo."

Ilinipasa nimwambie mama. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote, Selemani. Nilijua atakataa, atasema afadhali wajenge juu yake kuliko yeye kumzika mtoto asiyejua kama kafa. Basi nikafanya kama mwizi. Nikangoja ashuke shambani bondeni, nikatoa ufunguo kwenye kikapu chake, nikaenda nikafungua. Ndani bado mlinuka tumbaku yako. Mafiga yalikuwa pale pale ulipoyaacha. Nikasema bismillahi, nikasema nisamehe, nikawasha. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukapanda ukaonekana kijiji kizima.

Mama akauona kutoka bondeni.

Kilichofuata sikuwa nimekifikiria. Mjinga mimi! Nilidhani moshi ule utamwambia umekufa, kumbe yeye kwake moshi ule una mtu mmoja tu wa kuuwasha. Nilimsikia anapanda mlima mbio, mama yetu na magoti yake yale, anaita watu kulia na kushoto, "Kaja! Selemani wangu kaja! Moshi ule, hamuuoni?" Vigelegele juu. Nikabaki mle ndani sijui nijifiche wapi. Akaingia mikono ameinyosha, macho hayajazoea giza, akanikumbatia. Akalisema jina lako begani mwangu, akalirudia. Kisha akanipapasa uso, akajua.

"Ni wewe," akasema. Akaniachia, akatoka akakaa kizingitini, wale waliomfuata na vigelegele wakarudi mmoja mmoja.

Bwana mpima alipita, akakuta moto, akafuta kichaka, akaandika nyumba. Wino umeshakauka, hakuna hoteli itakayokugusa. Watu wananipongeza. Mama ananipakulia, ananiwekea chakula, anaondoka. Nimemwomba radhi kwa magoti, hajanijibu, na wala simlaumu.

Moto wako siwezi kuuzima, siwezi kuuacha. Kila asubuhi naenda kutia kuni. Na kila asubuhi mama anatoka mlangoni kwake anasimama kuutazama moshi. Anajua ni mimi. Jana nilikuwa mimi na juzi nilikuwa mimi. Lakini kabla ya kutoka huwa anavaa kwanza ile kanga yake nzuri ya sikukuu.

Kama u hai, njoo unitoe nyumbani kwako. Kama hu hai, nisamehe nimekaa.

Ni mimi,
Kaka yako