Mudathiri Amekataa Kupima

Kisa ndugu yangu, niko nje ya hospitali.

Ule upele unaoniunguza ubavuni ni mkanda wa jeshi. Wifi yangu Bibie aliuona leo dukani, akasema, "Huo ni ukimwi. Mwambie kaka yangu ulikoutoa." Mbele ya wateja, Kisa. Mbele ya wateja.

Mume wangu Mudathiri aliposikia, akanileta kupima.

Majibu yametoka, sina VVU. Daktari anasema ni virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni. Ilipona ngozini tu, kumbe virusi vilijificha kwenye neva, mishipa ya fahamu. Sasa vimeamka, vinaingia hadi kwenye kiini cha seli na kuilazimisha itengeneze nakala za DNA ya virusi, mpaka seli yenyewe inakufa.

Nikalia kwa nafuu.

Kisha daktari akamgeukia Mudathiri. "Na wewe baba upime, mjue wote."

Eti kuna mzigo wa mchele unamsubiri kule Ikolo. Daktari akamwambia ni dakika chache tu. Akajibu, "Mimi siumwi," akatoka nje, akawasha pikipiki akaondoka.

Kanileta mwenyewe, Kisa, halafu kakimbia kipimo.

Njoo unichukue. Sirudi kwake mpaka apime.